Sukari ya Baba Iliposhuka Yenyewe

Baba yangu ana madaftari matatu ya kliniki, yale ya kawaida ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kila hudhurio lina tarehe, uzito, presha, sukari, na mistari miwili mitatu ya dawa kwa mwandiko ambao mtu wa dirisha la dawa peke yake ndiye anayeuelewa. Alipoanza kusafishwa damu kwa mashine niliyaomba. Mimi ni mwalimu wa hisabati, namba zikitawanyika hivyo zinanikera, kwa hiyo nikachukua karatasi ya grafu ya wanafunzi nikachora mistari miwili: mmoja wa presha, mmoja wa sukari.

Mstari wa presha haukunishangaza. Ulianza kwenye 140 na kitu, ukapanda 150, ukafika 160, ukashuka kidogo alipobadilishiwa dawa, ukarudi kule kule. Ulionishangaza ni wa sukari. Miaka nenda rudi ulikuwa unacheza kwenye 12, 13, 14. Halafu, kurasa za mwisho mwisho za daftari la tatu, ukaanza kuteremka: 10, 8, 6, na hudhurio la mwisho 4.9. Pembeni ya hiyo 4.9 mtu wa kliniki ameandika kwa kalamu nyekundu: "Vizuri sana, endelea na dawa."

Hiyo "vizuri sana" ndiyo iliyonikalisha chini niandike haya. Sukari ya Baba haikushuka kwa sababu amepata nafuu. Ilishuka kwa sababu figo zilikuwa zimekwisha.

Nimtambulishe kidogo mwenyewe. Baba alikuwa dereva wa halmashauri mkoani Tanga. Handeni, Kilindi, Korogwe, Lushoto na kona zake, hakuna barabara ya vumbi asiyoijua. Dereva wa wakubwa ana tabia zake. Hanywi maji asubuhi, maana bosi akiwa garini huwezi kusimama kila saa kwenda kichakani. Anakula anachokikuta mezani kwa wenyeji: wali, nyama, soda, na soda nyingine ya njiani. Mgongo ukimuuma anatupia kidonge, safari inaendelea. Ugonjwa wa sukari waliugundua sisimizi. Mama aliwaona wamejipanga kwenye choo cha uani kila asubuhi, akasema huyu mtu akapimwe. Akapimwa, ikasoma 17. Presha ilikuja miaka michache baadaye, na wala si ajabu, maana maradhi hayo mawili hayapendi kuishi mbalimbali.

Alikuwa mgonjwa wa aina ambayo karibu kila nyumba inayo. Kliniki haikosi tarehe, dawa anazichukua, lakini kumeza anameza kwa kujisikiliza. Kichwa kikigonga, basi presha imepanda, anameza. Kisipogonga, "leo niko sawa." Presha haina adabu hiyo ya kupiga hodi. Unaweza kuwa na 160 kwa 100 na uko harusini unakula pilau, unacheka, hujui lolote. Sukari ya 13 nayo, mwili ukishaizoea, haiumi popote. Na figo ndizo mabubu kuliko wote: hata zikibaki robo, mtu anatembea, anafanya kazi, anaswali, anagombana na watoto.

Daktari wa figo aliyetupokea Dar es Salaam alikuwa kijana mwenye subira ya kuchora. Alichora nyuma ya fomu ya maabara, nami nikaiomba ile karatasi, ninayo hadi leo. Kila figo, alituambia, ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kila kichujio ni kifundo cha mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Damu inaingia kwa mshipa mmoja mdogo, inazunguka ndani ya kifundo, inatokea kwa mshipa mwingine. Kwa siku moja vifundo vyote kwa pamoja vinachuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka kwenye damu, na karibu zote mwili unazirudisha. Zinazobaki, lita moja na nusu hivi, ndizo tunazokwenda kuziacha chooni pamoja na taka.

Sukari ikikaa juu inachokoza kifundo kwa njia mbili. Kwanza mshipa wa kuingilia unapanuka na wa kutokea unabana, kwa hiyo ndani ya kifundo damu inajaa kwa msukumo mkubwa. Ndiyo maana miaka ya mwanzo figo za mwenye sukari huchuja kupita kawaida, na ukimpima utasema ana figo za kijana. Wakati huo huo sukari inaganda kwenye kuta za vile vimishipa. Kuta zinakuwa nene, halafu ngumu, halafu nafasi kati ya mshipa na mshipa inajaa kovu, na mwisho kifundo kinafunga. Kikifunga hakifunguki tena, na figo haioti kingine. Kazi yake wanagawana waliobaki, nao wanachakaa haraka zaidi.

Presha inakuja na balaa lake. Damu inayopiga kwa nguvu kila sekunde inafanya vile vimishipa vya kuingilia vijikaze na kunenepa ukuta ili visipasuke. Ukuta ukinenepa, tundu linakuwa dogo, na vichujio vilivyo mbele yake vinakosa damu vinakufa. Hapo kuna jambo ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo: figo iliyokosa damu hudhani mwili mzima umeishiwa damu. Kwa hiyo inamwaga homoni iitwayo renini, na hiyo inabana mishipa ya mwili mzima na kuzuia chumvi isitoke. Presha inapanda tena. Kwa hiyo presha inaua figo, na figo inayokufa inapandisha presha. Nilimwuliza daktari kwa Baba nani alianza. Akasema kwa hatua aliyofika, swali hilo halina faida.

Mama alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni kama kifumbu?" Yule kijana ni wa bara, kifumbu hakijui. Mama akamweleza ule mfuko wa ukili wa kukamulia tui: ukiukamua kwa nguvu kila siku ya Mungu, nyuzi zinaachana, na machicha yanaanza kupita yanaingia kwenye tui. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, hayo machicha ndiyo protini kwenye mkojo. Nitawafundishia wanafunzi wangu hivyo hivyo."

Kichujio kizima hakipitishi albumini, protini kubwa ya kwenye damu. Kikianza kuachana inavuja, kidogo sana mwanzoni, na huo ndio mlango wa kwanza wa ugonjwa, miaka kabla kipimo kingine chochote hakijastuka. Hapo Baba akakumbuka povu. Kwa muda mrefu mkojo wake ulikuwa unatoa povu kama la sabuni ya unga, povu lisilokatika hata ukilimwagia maji. Alikuwa na hakika ni sukari inayotoka, na wenzake pale kijiweni cha kahawa walimthibitishia. Lakini sukari haitoi povu. Sukari inaita sisimizi. Povu linalokaa, siku baada ya siku, ni la protini. (Mtu aliyebanwa na mkojo asubuhi akaona mapovu mawili matatu yakapotea, asikimbilie hospitali.) Tatizo ni kwamba povu linaonekana wakati uvujaji umeshakuwa mkubwa. Ule wa mwanzo, ambao ndio unaotibika, hauonekani kwa macho. Unaonekana maabara tu.

Nilirudi kwenye madaftari kutafuta kipimo hicho. Neno "mkojo" limeandikwa mara moja tu, na mbele yake "sukari +++". Albumini haimo. Sina ugomvi na yule mama wa kliniki. Foleni ilikuwa inatoka barazani inafika kwenye mwembe, mashine ya presha moja, vipimo vingine "vimekwisha, jaribuni nje." Lakini mwenye sukari hii ya ukubwani anatakiwa apimwe albumini kwenye mkojo tangu siku anayogunduliwa, maana huwa ameishi nayo miaka bila kujua, na baada ya hapo angalau mara moja kila mwaka, pamoja na kreatinini ya damu. Jibu la mkojo (miligramu za albumini kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo) likiwa chini ya 30, mambo ni shwari. Kati ya 30 na 300 figo zimeanza kuguswa, na hapa ndipo dawa na nidhamu vinaweza kuzuia, hata kurudisha nyuma. Likipita 300 uvujaji ni mkubwa, na kazi inakuwa kuchelewesha.

Kreatinini peke yake nayo inadanganya. Hiyo ni taka ya misuli ambayo figo huitoa. Ikirundikana kwenye damu, ujue figo zimelemewa. Ila figo zina akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza nusu ya kazi ya figo na karatasi ya maabara ikaonyesha kreatinini iko ndani ya mipaka. Mzee mwembamba asiye na misuli ndiye anayedanganywa zaidi. Kwa hiyo usiridhike na kuambiwa "figo ziko sawa". Omba wakukokotolee kiwango cha kuchuja, wanakitoa kutokana na hiyo hiyo kreatinini, umri na jinsia. Ukiwa 90 na kuendelea ni vizuri. Ukikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, jiandaeni.

Kuna ukurasa kwenye daftari la pili ambao sijauacha. Walimpa enalaprili, dawa ya presha. Hudhurio lililofuata limeandikwa "anakohoa", enalaprili ikakatwa, akapewa nifedipini, nyingine ya presha. Nilimwonyesha daktari. Akatikisa kichwa taratibu. Ukoo wa enalaprili na kaptoprili una kazi ya ziada kwa mwenye sukari: unalegeza ule mshipa wa kutokea, msukumo ndani ya kifundo unapungua, na protini inayovuja inapungua nayo. Kikohozi kikavu ni mkosi wa ukoo huo na wengi wanaacha dawa kwa ajili yake. Ila kuna ndugu zake, losartani na telmisartani, wanaofanya kazi ile ile bila kukohoza. Baba alipaswa kuhamishiwa huko. Nifedipini ilishusha namba ya mkononi kidogo, lakini haina ile kazi ya kulegeza mlango wa nyuma. Hata hivyo 160 ni 160. Kwa mwenye maradhi haya mawili wanataka ibaki chini ya 130 kwa 80, na Baba kwenye madaftari yote matatu hakuifikia hata siku moja.

Na vidonge vya mgongo. Yeye aliviita dawa za dereva: diklofenaki, ibuprofeni, wakati mwingine sindano kabisa. Figo iliyochoka hutegemea kemikali fulani za mwili kuuweka wazi mshipa wa kuingilia, na dawa hizi zinazifuta kemikali hizo. Mtu mwenye figo nzima akimeza siku mbili kwa kawaida hapati kitu. Mwenye sukari na presha, hajanywa maji tangu alfajiri, yuko kwenye jua la Kilindi, anameza kila wiki miaka na miaka, huyo anajichimbia. Siku hizi maumivu yake yanatulizwa na parasetamo, kwa kipimo alichopangiwa, na muuza duka la dawa wa mtaani kwetu ameonywa na Mama kwa maneno ambayo siyaandiki.

Sasa turudi kwenye ile sukari iliyoshuka.

Ilipoanza kushuka, Baba alikuwa ameanza kunywa unga wa mlonge. Basi mlonge ukachukua sifa zote. Kijiweni akawa mhubiri. Watu wakamfuata nyumbani kuuliza anachanganyaje. Alipungua mwili, tukasema anajitunza. Alichoka mapema, tukasema uzee. Alijikuna usiku, Mama akabadilisha sabuni. Akawa anasema chakula kina ladha ya misumari, na asubuhi akipiga mswaki anatapika. Kila dalili ilipata maelezo yake, na maelezo yote yalikuwa na akili. Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu: hauleti dalili moja kubwa, unaleta ndogo ndogo zenye kisingizio.

Asubuhi moja Mama alinipigia. Baba amelowa jasho godoro zima, anadai funguo za gari, anasema mheshimiwa anachelewa. Alikuwa ameshastaafu miaka. Walimkimbiza zahanati, sukari ikasoma 2.1. Wakamtundikia dripu ya sukari, akazinduka, akauliza kwa nini watu wamemzunguka. Saa moja baadaye akazama tena. Wakamzindua, usiku akazama tena.

Kuzama na kurudi huko ndiko kulikomfanya tabibu mmoja wa hospitali tuliyopelekwa aagize kreatinini. Ilikuja 610. Ukikokotoa, figo zilikuwa zinachuja kwa 8. Damu yake nayo ilikuwa imeshuka hadi 7, kwa sababu figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamrisha uboho utengeneze damu. Ule "uzee" wake ulikuwa upungufu wa damu.

Maelezo yake ni haya, na ningependa kila mwenye mzazi anayemeza dawa za sukari ayasome mara mbili. Insulini, iwe ya mwili wenyewe au ya sindano, sehemu yake huvunjwavunjwa kwenye figo, na ile ya sindano zaidi. Figo zikifa, insulini inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko inavyotakiwa, ikiendelea kushusha sukari. Figo zenyewe pia hutengeneza sukari kidogo mwili unapokaa bila chakula, na kazi hiyo nayo inakufa. Mgonjwa hamu ya kula imeshapotea. Juu ya hayo Baba alikuwa anameza glibenklamidi, kidonge cha sukari ambacho mabaki yake hutoka kwa figo. Yasipotoka yanajirundika, na kila kidonge kipya kinaukuta mzigo wa cha jana. Metformini nayo, dawa nzuri tu, haitakiwi kutumika kiwango cha kuchuja kikishuka chini ya 30. Alikuwa anazimeza zote mbili, kwa dozi ile ile, kwa sababu daftari lilisema endelea na dawa.

Kwa hiyo mtu ana sukari miaka kumi, kumi na tano, hajabadili chakula, hajaongezewa dozi, na namba zinaanza kuwa nzuri zenyewe: msishangilie kabla ya kupima figo. Na kama daktari wa macho alishasema sukari imegusa mishipa ya jicho, kama alivyomwambia Baba, basi ulizeni figo siku hiyo hiyo. Vimishipa vya nyuma ya jicho na vya figo ni vya aina moja, na mara nyingi huumia pamoja.

Kusafishwa damu ni mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Tulihamia kwa baba mdogo, Mbagala. Kwa kuwa hakuna aliyejiandaa, alianza na mpira wa shingoni, ambao unaogopesha kwa sababu vijidudu vina njia fupi ya kufika kwenye moyo. Baadaye akafanyiwa fistula: mshipa wa kupeleka damu na wa kurudisha vinaunganishwa mkononi, ule wa kurudisha unanenepa hadi unachomeka sindano kubwa. Ilichukua karibu miezi miwili kukomaa. Wanaofuatiliwa mapema hutengenezewa kabla hata mashine haijahitajika, ila sisi tulifika tumechelewa. Ukiweka kiganja kwenye mkono wake wa kushoto unahisi unavuma. Mkono huo haufungwi mashine ya presha, hautolewi damu, haubebi ndoo, na haulaliwi. Baba anaulinda kama alivyokuwa analinda gari la serikali. Amekwisha kugombana na manesi wawili wa sehemu nyingine waliotaka kuufunga.

"Sista, huu si wangu peke yangu," anawaambia. "Huu una kazi."

Aliyekuwa hanywi maji kwa hiari sasa anayaota. Anaruhusiwa nusu lita kwa siku, ukiongeza na kiasi anachokojoa, na anachokojoa ni kikombe. Chai imo humo, uji umo humo, mchuzi umo humo. Akizidisha, uzito unapanda kati ya siku ya mashine na siku ya mashine, miguu inavimba, usiku analala ameketi. Mashine ikimkamua maji mengi kwa mkupuo mmoja, presha inaporomoka na misuli ya mashavu ya miguu inakaza hadi analia. Chumvi ndiyo adui kuliko maji yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoleta kiu. Mama, ambaye samaki wake wa kukaanga walikuwa na sifa mtaa mzima, sasa anatia ndimu na pilipili manga, na Baba anakula kwa uso wa mtu anayetumikia kifungo.

Kisha kuna wageni. Watu wetu wana huruma, na huruma ya pwani huja na dafu. Ndugu walitoka Pangani na madafu kwenye bodaboda, wakasema haya yanasafisha figo, kila mtu anajua. Dafu limejaa potasiamu, aina ya madini. Figo nzima inaitoa bila shida. Figo iliyokufa inaiacha kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama bila onyo. Mama aliwashukuru, akawapa watoto wa jirani wakanywa yote. Ndizi mbivu, parachichi, machungwa, viazi, maharage, mchicha, vyote vina ukoo huo. Viazi na mboga anavikata vidogo, anachemsha kwa maji mengi, anamwaga, kisha ndipo anapika. Birimbi tumeziacha kabisa, hata za achari, kwa sababu zina asidi inayojenga vijiwe ndani ya figo. Na hizi chumvi mbadala zinazouzwa kwa wenye presha, someni kibandiko: nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Kwa upande wa fedha, Baba ni mstaafu wa serikali, ana bima ya afya, na bila hiyo nisingekuwa naandika kwa utulivu huu. Kitanda cha jirani kulikuwa na fundi seremala anayelipa mfukoni, zaidi ya laki moja kila anapopanda mashine. Alikuja mara tatu kwa wiki, kisha mara mbili, kisha mara moja. Kisha kitanda kikapewa mtu mwingine.

Kupandikiza tulikuzungumza. Zamani ilikuwa India tu. Tangu Novemba 2017 Muhimbili wanapandikiza, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza nayo. Nilimwambia Baba niko tayari kupimwa. Akaniambia, "Mama, figo zako zina watoto wa kulea," akageukia ukutani. Daktari naye alinieleza kwamba mtoto wa mtu mwenye maradhi haya huchunguzwa mara mbili mbili kabla ya kuruhusiwa kutoa, kwa sababu huenda naye yakamfika. Suala hilo halijafungwa. Baba ndiye aliyelifunga kwa upande wake.

Mdogo wangu ndiye ninayepambana naye sasa. Ni fundi magari, ana sukari, hajafika arobaini. Nilimpeleka mwenyewe kupima albumini ya mkojo, na njia nzima alilalamika.

"Dada, siumwi kitu. Hela hiyo ningenunua matairi."

Kreatinini ikaja nzuri kabisa, akaninyooshea karatasi kwa ushindi. Ya mkojo ilifuata baadaye: 85. Kipimo kinarudiwa, kwa sababu homa, mazoezi makali au maambukizi ya njia ya mkojo vinaweza kuipandisha kwa muda. Kikarudiwa, ikabaki juu ya 80. Akaanzishiwa losartani ingawa presha yake haikuwa mbaya, na wiki chache baadaye wakampima potasiamu na kreatinini, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuvipandisha kidogo mwanzoni. Daktari akamwandikia pia dapagliflozini, ya kundi jipya zaidi linalofanya figo ziiachie sukari itoke na mkojo. Tafiti kubwa za mwaka 2019 na 2020 zilionyesha dawa za kundi hilo zinachelewesha figo kufa, na kwamba faida yake inapita ile ya kushusha sukari. Bei yake si ya kuchekesha. Tunachangia, mimi na Baba; ya Baba inatoka kwenye pensheni na hataki ijulikane.

Kipimo cha mwisho kilisoma 41. Mdogo wangu akauliza kama sasa anaweza kuacha losartani, maana imeshafanya kazi. Baba alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Akaipunguza sauti, akamwambia asogee, na wakaongea wenyewe muda mrefu, sauti za chini, za madereva. Sijui alimwambia nini. Kidonge kinamezwa kila usiku, na kipimo kingine ni baada ya miezi mitatu. Soda bado hajaacha.